Utetezi wa Mbwa Koko

Katika pwani yetu ya Malindi na Kilifi hakuna kiumbe anayehukumiwa upesi kuliko mbwa koko. Huhukumiwa na mtoto mwenye jiwe kabla hajatenda kosa, na mtu mzima mwenye fimbo kwa kosa lililotendwa na mbwa mwingine. Hana wakili, hana shahidi, na rufani yake ni miguu yake minne. Lugha yenyewe imekwisha kumtia hatiani. Ukitaka kumvunjia mtu heshima mbele za watu humwiti paka wala mbuzi. Humwita mbwa, na neno hilo moja hukutosha.

Nataka, msomaji, kumtetea mshitakiwa huyu. Sitamtetea kwa machozi, wala sitakuambia kuwa mbwa ni malaika. Kazi yangu ni kufundisha mbwa. Nimeila riziki ya kazi hii zaidi ya miaka 25, katika nyumba za ufukoni toka Watamu hata Mambrui, na mikononi mwangu nina alama za meno ambazo naweza kukuhesabia moja moja pamoja na sababu zake. Katika sababu hizo zote sikuona hata moja ambayo haikuanzia kwa mwanadamu. Hilo ndilo dai langu, na nakuomba ulipime kwa akili yako kabla hujalikataa.

Nilipokuwa kijana nilifundishwa kazi na mzee mmoja aliyeamini kuwa mbwa ana sikio moja tu, nalo liko mgongoni. Chombo chake kilikuwa henzirani. Mbwa akichelewa kuketi, henzirani; akivuta kamba, henzirani; akibweka pasipotakiwa, henzirani mbili. Mbwa wake walitii, nami nikastaajabu. Sikujua bado kutofautisha utii na hofu, maana kwa mtu anayetazama toka mbali vitu hivi viwili hufanana kama ndugu mapacha. Wenye nyumba walifurahi, wakalipa vizuri, nami nikairithi henzirani ile kwa fahari kama mtu aliyerithi shamba la minazi.

Sasa nitakusimulia jambo ambalo silipendi. Katika nyumba moja kusini ya mji nilipewa mbwa mkubwa wa ulinzi nimfundishe. Katika nyumba hiyo mlikuwa na mama mmoja mtumishi, naye alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 8 aliyezoea kuja baada ya shule kumngoja mama yake. Siku moja mtoto alipita karibu na bakuli la mbwa wakati mbwa akila. Mbwa akanguruma. Nikampiga. Siku ya pili mtoto akapita tena, mbwa akanguruma tena, nami nikampiga zaidi. Siku ya tatu mbwa hakunguruma. Nikajisifu kwa mwenye nyumba kuwa adabu imekwisha kuingia.

Baada ya siku chache mbwa yule alimwuma mtoto mkononi mpaka mfupa ukaonekana. Hakunguruma, hakuonyesha meno, hakusimamisha manyoya. Watu wote walisema, ‘Mbwa huyu ni mhaini, ameuma bila ya kuonya.’ Mimi peke yangu niliujua ukweli, nikanyamaza. Alikuwa ameonya mara mbili, na mara zote mbili nilimwadhibu kwa kuonya. Nilikuwa nimeikata kengele ya hatari kwa mkono wangu, kisha nikashangaa moto kuwaka bila ya kengele kulia.

Mwenye nyumba aliamuru mbwa auawe saa ile ile, akazikwa chini ya mkwaju. Jioni, kabla damu haijaoshwa sakafuni, aliniuliza nitamletea mwingine lini. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa ya chanjo. Mama yule alikopa nauli, akampeleka mwanawe Mombasa, na sindano ya kwanza ilipatikana siku ya nne. Kwa kuwa mbwa alikuwa amekwisha uawa, hapakuwa na njia ya kujua kama alikuwa mzima au mgonjwa. Lau angalifungwa na kutazamwa kwa siku 10, jibu lingalipatikana, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kichaa siku ya kuuma hamalizi siku hizo akiwa hai na mwenye afya. Tulilizika jibu pamoja na mbwa. Mama yule alingoja miezi, kila mtoto alipokohoa au kukataa maji akidhani ndiyo yale. Mtoto alipona. Mimi nililipa sehemu ya deni la nauli na dawa, na deni lililobaki halilipiki kwa fedha.

Usidhani kuwa niliitupa henzirani siku ile. Ningependa kukuambia hivyo, lakini nitakuwa nasema uwongo. Niliendelea nayo karibu mwaka mzima, nikipiga kidogo kidogo, kama mlevi anayejiambia kuwa ameacha kwa kuwa sasa hunywa jioni tu.

Aliyeniachisha ni mbwa jike, koko, mwekundu kama udongo, mwenye uzito mdogo kuliko mtungi wa maji. Nilimwona pwani panapoteremshwa samaki, amelala chini ya mashua iliyopinduliwa. Shingoni alikuwa na waya wa mtego. Ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke watu hutega waya kwa ajili ya paa na sungura, na waya haujui kuchagua. Huyu alikuwa ameukata akatoroka, na kipande kilichobaki kilikuwa kimezama nyamani na jeraha limeota juu yake. Wavuvi waliniambia hashikiki. Nilichukua kamba yangu na henzirani yangu nikamwendea. Akarudi nyuma mpaka ubavu wake ukagusa mbao za mashua, akajikojolea, akafumba macho. Hakunguruma wala hakuuma. Alikuwa anangoja pigo.

Nimeona mbwa wengi wakipigwa, nami nimewapiga wengi. Lakini sikupata kumwona mbwa aliyenisoma upesi namna ile, tena asinisome visivyo. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya, na haya hiyo haikuwa ya mbwa.

Siku ya pili nilirudi bila ya fimbo, na dagaa wakavu kwenye karatasi. Niliketi mchangani hatua 10 kutoka mashua, ubavu wangu ukielekea kwake, macho yangu baharini. Kwa mbwa, mtu amwelekeaye uso kwa uso na kumkazia macho ni mtu atakaye vita. Haya nayo sikufundishwa na mzee wangu. Nikatupa dagaa mmoja, nikakaa, nikaondoka. Kesho yake hatua 9. Watoto wa pwani walinicheka, wakasema fundi mbwa amepata mchumba. Siku ya tisa alimchukua dagaa mkononi mwangu. Siku ya 12 nilimshika shingo, na daktari wa mifugo akautoa waya. Nilimwita Dagaa, kwa jina la kitu cha kwanza kizuri alichopewa na mwanadamu, akaishi nami miaka 11.

Huenda ukaniuliza, je, upole huo si bahati tu? Hapana, upole huo una kanuni zake, na kanuni zake zimechunguzwa na wataalamu. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa jinsi chakula kinavyosagwa tumboni, aliona kuwa mbwa wake walitokwa na mate kabla ya kuonja chakula, kwa kuzisikia tu dalili kuwa chakula kinakuja. Mnyama hufunganisha jambo na jambo. Akiona mara nyingi kuwa mkono wa mtu huleta chakula, mkono huwa habari njema. Akiona kuwa huleta pigo, mkono huo huo, hata ukija kumpapasa, huwa tishio. Ndiyo maana mbwa wa kupigwa humwuma daktari, humwuma mtoto wa jirani, na mara nyingine humwuma yule amlishaye. Hakukosa shukrani, amekumbuka somo alilofundishwa.

Kama huamini mbwa, tazama panya. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panyabuku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hakuna afundishaye panya kwa bakora, kwa kuwa pigo moja lingemwua. Hufundishwa kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi au karanga, basi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama, kwa ushujaa na bidii ya kazi. Alikufa Januari 2022. Panya! Nasi tunaambiana kuwa mbwa, aliyekaa na binadamu kwa maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe na kuku, hafahamu ila fimbo. Bandarini Mombasa wako mbwa waliofundishwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa katika makontena. Mbwa afanyaye kazi kwa hofu hutafuta njia ya kutopigwa, hatafuti pembe.

Wazee wetu walikwisha kulijua jambo hili. Walisema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Watu hutaja methali hiyo kuwasema watoto na wazazi wao, lakini mimi naichukua kama ilivyo, maana mwenye kuitunga bila shaka alimwona msasi, akamwona na mbwa. Methali nyingine, samaki mkunje angali mbichi, ndiyo ngao ya wapenda fimbo. Nami nakubali, mtoto wa mbwa hufunzika kwa wepesi sana kuanzia wiki yake ya 3 hata ya 12 hivi, na asiyeona watu wema katika wiki hizo huwaogopa watu maisha yake. Lakini tangu lini kukunja kukawa ni kupiga? Pigapiga samaki mbichi kwa gongo uone utapata kitoweo gani.

Hapa ndipo anaposimama mtu mwenye hoja nzito kuliko ya fimbo. Husema, ‘Mbwa ni najisi. Sisi Waislamu hatuna haja naye.’ Hoja hii siidharau, kwa kuwa mimi mwenyewe ni Mwislamu, nimesoma chuoni, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii yaliyoenea pwani hii najua kuwa ulimi wa mbwa ukigusa chombo hukioshwa mara saba, moja kwa udongo. Nyumbani kwangu uko udongo safi katika debe karibu na bomba, na nina nguo za kazi na nguo za kusalia. Mbwa wangu hulala nje. Hayo ni masharti, nami nayatimiza.

Lakini nionyeshe, ndugu, mahali ambapo sheria ya najisi imekuwa sheria ya mawe. Damu nayo ni najisi, na hatumpigi mawe aliyejeruhiwa. Katika Suratul-Maida windo linaloletwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda limehalalishwa. Zingatia neno aliyefundishwa, ambalo fundi mbwa hawezi kulipita bila ya kusimama. Katika Suratul-Kahf, vijana waliokimbilia pangoni kwa ajili ya imani yao walikuwa na mbwa wao, naye ametajwa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, akihesabiwa pamoja nao. Na katika hadithi za Mtume zilizo sahihi imo habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Kama mtu ataka kumchukia mbwa, na amchukie kwa jina lake mwenyewe, asiazime jina la dini.

Wala usifikiri kuwa nawalaumu watu wa mjini peke yao. Ukienda bara kidogo, Kakuyuni, Ganze au Bamba, kwa ndugu zetu Wagiriama, mbwa si najisi. Hulinda mbuzi usiku, hufukuza nyani mchana katika mahindi. Kwa kazi hiyo hulipwa maganda ya muhogo na teke. Na wenye fedha wa ufukoni, wenyeji na wageni, wana kosa la namna yao: hununua mtoto wa mbwa msimu wa kaskazi bahari inapokuwa shwari na nyumba imejaa wageni, kusi ikivuma hufunga nyumba, huondoka, na mbwa hubaki langoni akiingojea gari ambayo hairudi. Nusu ya mbwa koko niliowaokota walikuwa na alama ya ukanda shingoni. Ukoko si kabila la mbwa, msomaji. Ni jina la mbwa aliyeachwa.

Liko swali jingine, nalo huniuma kuliko yote, kwa sababu niliulizwa na mwanamke aliyekuwa na njaa. Nilikuwa nikimpa Dagaa vichwa vya samaki. Akaniambia, ‘Mwanangu, watoto wa watu hawajala, nawe walisha mbwa?’ Sikuwa na jibu siku ile. Hata leo sina jibu zuri, na mtu akikupa jibu zuri la swali hili mtazame vyema. Ninalo jibu dogo: sikutaki umlishe mbwa chakula cha mwanao. Mbwa koko hajakuomba mchuzi wako. Hula jaa lako, yaani kile ulichokitupa pasipostahili. Nakutaka mambo mawili tu: usimtese, na umwache adungwe sindano. Jambo la kwanza halina gharama hata ya senti moja. La pili litampunguzia mwanao hatari kubwa kuliko njaa ya siku moja, nami sasa nitakueleza kwa nini.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi ambao huingia kwa jeraha pamoja na mate, hupanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua mwezi mmoja hata mitatu, na wakati wote huo mgonjwa hajisikii kitu. Dalili zikianza, homa, wasiwasi, koo kukaza hata kwa kuyaona maji, karibu hakuna aponaye. Hakuna ugonjwa mwingi duniani unaoua kwa hakika kama huu. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa nao kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na katika watu waumwao na wanyama wenye kushukiwa ugonjwa huu, wapata 40 katika kila 100 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Yaani ni rika lako na la wadogo zako. Takribani wote huupata kwa mbwa.

Ukisha kusoma maneno hayo huenda ukasema: basi, mbwa wauawe! Ndivyo isemwavyo kila mtoto anapoumwa. Hutengwa fedha, hununuliwa sumu, nyama hutupwa usiku vichochoroni, na asubuhi mizoga hukusanywa katika mkokoteni. Nimeiona asubuhi kama hiyo. Sumu haikuuliza nani mwenye kichaa. Ilimwua mbwa wa mchuuzi wa maji aliyekwisha chanjwa, iliwaua paka wawili, iliwaua kunguru, na kipande kimoja cha nyama kilikutwa karibu na mlango ambao mbele yake hucheza watoto watambaao. Baada ya miezi michache mbwa walikuwa wengi kama kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu jaa lilibaki. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu, naye huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Penye chakula na nafasi, mbwa wa mtaa wa pili huja, na mwenye kuuliwa mbwa wake huenda kijijini akaleta mtoto mwingine asiye na chanjo. Hivyo umeondoa mbwa uliowajua, wengine wakiwa na kinga, umewaweka wageni wasio nayo. Ukitaka kuizuia mvua usiyahesabu matone, ziba paa. Paa lenyewe ni chanjo: wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita, hufa wenyewe.

Haya si mawazo ya vitabuni tu. Kusini ya hapa, ng'ambo ya mpaka, kiko kisiwa cha Pemba, ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu, wenye madhehebu na mila kama zetu. Kichaa cha mbwa kiliwasumbua. Wakachanja mbwa wao kisiwa kizima, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma. Kisha chanjo ikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kwa mbwa waliotoka nje. Wapemba wakachanja tena, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Hawakugeuza dini yao, wala hawakuwaingiza mbwa katika majumba yao. Waliwapeleka kwenye sindano, wakaenda zao kunawa. Atakayeniambia kuwa jambo hili haliwezekani Malindi, Gede au Takaungu, kwanza anieleze Pemba limewezekanaje.

Kenya nayo ilikwisha kuandika mpango, mwaka 2014, wa kuukomesha ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030. Kupanga si haba. Lakini mpango haumshiki mbwa akatulia. Mbwa hushikwa na mtu anayemwamini, na hapa ndipo fimbo inapotudai gharama yake ya mwisho: mbwa aliyezoea mawe hakaribii sindano. Nimesimama katika siku za chanjo nikawaona vijana wanne wakimfukuza mbwa mmoja saa nzima kwa kamba, daktari amekaa juani na boksi lake la barafu linayeyuka, na mwisho mbwa anaruka ua akaenda na ugonjwa wake, kama anao. Kila jiwe ulilomtupia mwaka jana limo katika mbio zile. Mbwa wa mzee mmoja kipofu, anayeomba karibu na soko, alikuja mwenyewe akifuata kiwiko cha bwana wake, akachomwa, akajilamba, akaondoka. Kazi hiyo yote haikuchukua hata dakika mbili.

Nawe uliye darasani huna kaunti ya kuiongoza wala mfuko wa fedha; una mikono yako na wadogo zako. Ukiumwa na mbwa, au akikukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, bila kupunguza, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo kama la mwiba. Usipake majivu, wala mafuta ya taa, wala pilipili. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akapona, hakuna sababu ya mtoto aliyewahi dawa kufa kwa ugonjwa huu. Usikubali mbwa aliyeuma auawe kwa hasira. Sema afungwe, atazamwe siku 10. Mbwa akinguruma, simama, tazama kando, rudi nyuma polepole; amekufanyia hisani ya kukuambia. Usimkimbie, usimpige. Na ukimwona mwenzako ameokota jiwe kumlenga mbwa aliyelala kivulini, mwulize amekosa nini. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama iko katika nchi hii tangu mwaka 1962, lakini polisi hawezi kukaa katika kila kichochoro, nawe unapita humo kila siku.

Yule mtoto aliyeumwa sasa ni mtu mzima, ana mke na shamba dogo njia ya Gede. Kovu la mkononi lingaliko. Nilikwenda kwake zamani nikamwambia ukweli wote, habari za bakuli na kunguruma na henzirani. Alinyamaza kitambo, akaniambia nimekawia. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwuliza.

Ana mbwa mmoja wa kulinda mahindi, aliyeletwa na mkewe. Hamgusi, na sioni kwa nini mtu amlazimishe. Lakini mwaka jana, siku ya chanjo, nilimwona chini ya mwembe, amesimama mbali kiasi cha hatua 20, na huku dada yake mdogo akimshika mbwa kwa kamba mbele ya daktari. Aliuliza kwa sauti kama sindano imekwisha kuingia. Dada yake akajibu imeingia. Akaomba aonyeshwe kadi. Msichana akaipeleka mpaka mwembeni, yeye akaisoma tarehe, akaikunja, akaitia mfukoni, wakaenda zao: yeye mbele, dada yake na mbwa nyuma, kwa umbali ule ule.